Roboti ilipima maji vizuri, dawa ikakosea: uchambuzi wa kisa cha maabara moja ya bakteria

Kisa hiki kimetokea kwenye maabara moja ya mikrobiolojia ukanda wa pwani, maabara iliyo pembeni ya hospitali kubwa. Jina la mji, la hospitali, la mashine na la watu wote nimeyatoa, na vitu vichache ambavyo vingemtambulisha mtu nimevibadilisha. Namba za dawa na za sahani nimeziacha kwa sababu bila hizo somo lote linapotea. Mimi wakati huo nilikuwa nasimamia ubora, kwa iyo baadhi ya maamuzi mabaya mtakayoyasoma humu niliyasaini mimi mwenyewe.

Mazingira

Maabara ilikuwa na watu wanne wa benchi. Kazi za kila siku za wagonjwa, yaani mkojo, damu, usaha, zilikuwa zinaenda kwa njia ya kawaida ya vidonge vya karatasi kwenye agari na hazikuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa upande wa utafiti wa usugu wa dawa, kule ambako inabidi upime MIC, kile kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachoweza kuzuia bakteria asiote. Kwenye friza tulikuwa na bakteria zaidi ya 500 waliotunzwa wakisubiri kupimwa, na kila mwezi walikuwa wanaongezeka kuliko tunavyowapunguza.

Kwa asiyejua kazi yenyewe, iko hivi. Sahani moja ina visima 96, safu 12 kwa mistari 8. Kila mstari una dawa yake. Safu ya 1 dawa ni kali, safu ya 2 ni nusu yake, safu ya 3 nusu ya hiyo, mpaka safu ya 10. Safu ya 11 haina dawa, ni ya kuona bakteria anaota, na safu ya 12 haina dawa wala bakteria, ni ya kuona mchuzi haujachafuka. Mchuzi, yaani chakula cha maji cha bakteria, ni Mueller-Hinton uliorekebishwa madini. Sisi tulikuwa hatutengenezi kila sahani peke yake, tunatengeneza kwanza sahani kuu ya visima virefu, kila kisima kinabaki na mikrolita 1000, halafu kutoka humo tunagawa mikrolita 50 kwenye kila sahani ya kupimia. Sahani kuu moja inatoa sahani 16, kinachobaki chini tunakimwaga. Sahani 16 ni visima 1,536 na bakteria hata mmoja hujamgusa bado.

Anayeifanya kazi hii kwa miaka mingi ni mama mmoja ambaye wote maabara tunamwita Dada Mkubwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kumsumbua, kifundo kinauma, asubuhi anakuja amekifunga bandeji ya kubana na mchana anahamishia pipeti, kile kifaa cha kuchotea maji kwa kipimo, mkono wa kushoto. Hakuwa analalamika sana lakini kila mtu alikuwa anaona. Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya kutafuta roboti na naomba isisahaulike, maana baadae kwenye vikao sababu iliyokuwa inatajwa ni mrundikano wa bakteria tu.

Na mrundikano wenyewe si jambo dogo. Utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na sehemu ya bara letu ambapo makadirio ni magumu ndo kule ambako maabara hazina data. Bakteria 500 waliokaa kwenye friza bila kupimwa ni data ambayo ipo na haipo.

Roboti inafika

Mradi ukatoa hela ya roboti ya kupipeti. Si ile mitambo mikubwa inayojaza chumba, hii inakaa juu ya meza, ina mkono mmoja unaokwenda kushoto kulia mbele nyuma juu chini, ina pipeti ya midomo 8 inayobeba hadi mikrolita 300, na unaiandikia programu kwa lugha ya Python. Kijana wetu mmoja, mtaalamu wa maabara aliyejifunza programu mwenyewe, akakabidhiwa. Ni kijana makini, na nasema hivi kwa dhati kwa sababu kwenye visa kama hivi lawama huwa zinamwangukia mdogo.

Wiki ya kwanza yalifanyika maamuzi matatu ambayo ndo kisa chenyewe.

La kwanza, programu iandikwe kutoka kwenye SOP, yaani karatasi rasmi ya maelekezo ya kazi. Ilionekana ni sawa kabisa, SOP imepitishwa, ina saini, imekaguliwa, unataka nini tena. Dada Mkubwa wiki hiyo alikuwa likizo na hakuna aliyeona haja ya kumsubiri.

La pili, roboti itumie tipu (ncha za plastiki za pipeti) zilezile 8 kuanzia safu ya 1 mpaka ya 10 badala ya kubadilisha kila safu. Hili lilikuwa wazo langu. Tipu za roboti ile si zile za kawaida tunazonunua mjini, zinaagizwa nje, zinakaa bandarini, na nilikuwa naogopa kwamba zikiisha mashine itageuka kabati la kuwekea makoti. SOP ilisema "badilisha tipu inapobidi", nikaona haibidi, tunatoka kwenye dawa kali kwenda kwenye hafifu.

La tatu, uhakiki wa mashine ufanyike kwa kupima uzito wa maji. Mikrolita 250 za maji zina uzito wa karibu gramu 0.25, unaiambia roboti itoe, unaweka kwenye mizani, unarudia mara nyingi, unaangalia inatofautiana kiasi gani. Roboti ikafaulu vizuri sana, vizuri kuliko sisi wote wanne, na daktari mkuu wa maabara alipoona zile namba akasema mwezi ujao tunaanza kutoa matokeo.

Kulikuwa na vurugu nyingine ndogondogo ambazo sitazikalia. Umeme ulikatika katikati ya kazi, na roboti ikiwaka tena haikumbuki iliishia kisima gani, sahani kuu nzima ikatupwa. UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, ikanunuliwa. Siku nyingine tulitumia sahani za visima virefu za muuzaji mwingine, na hapa kuna kitu cha kujua, sahani hizi kwa nje zina kipimo kimoja dunia nzima, milimita 127.76 kwa 85.48, visima vya zile 96 vimeachana milimita 9, kwa iyo unadhani zote ni sawa. Kina cha kisima si lazima kiwe sawa. Tipu zikagonga chini, mashine ikasimama. Unapima kina, unairekebishia programu, basi.

QC (udhibiti wa ubora) inakataa

Tulikubaliana roboti na mkono vifanye kazi sambamba kwanza. Bakteria 20 kutoka kwenye friza pamoja na wa kontroli, E. coli ATCC 25922, ambaye MIC zake zinajulikana. Dada Mkubwa amerudi, anatengeneza sahani zake kwa mkono kama siku zote, roboti inatengeneza zake, bakteria ni walewale, inkubeta ni ileile nyuzi 35, kesho yake tunasoma.

Bakteria sugu sana walikubaliana moja kwa moja. Wale ambao wameota mpaka safu ya 1 kwa mkono wameota mpaka safu ya 1 kwa roboti, tukafurahi, na kwa kweli wengi wa bakteria tuliowachagua walikuwa wa aina hiyo.

Lakini kontroli ikakataa. Gentamisini kwa E. coli yule inatakiwa iwe kati ya 0.25 na 1 (namba zote za makali ya dawa humu ni mikrogramu kwa mililita). Sahani za mkono zilitoa 0.5. Sahani za roboti hazikuota kabisa penye dawa, hata safu ya mwisho ya 0.12 ilikuwa angavu. Siprofloksasini inatakiwa 0.004 hadi 0.016, mkono ukatoa 0.008, roboti ikatoa 0.002 au chini. Tukarudia, ikawa vilevile.

Hapa ndo palitokea mabishano, na nataka niyaeleze vizuri kwa sababu kila upande ulikuwa na hoja. Daktari alisema sisi tunatafuta bakteria sugu, na kwa sugu roboti na mkono vinakubaliana, hitilafu iko kule chini kwenye dawa hafifu ambako mgonjwa hahusiki, tutoe matokeo huku tunarekebisha. Kijana alidhani pengine sahani za mkono ndo zenye makosa, maana mashine imepimwa kwa mizani na mkono haujapimwa. Mimi nilikaa katikati, jambo ambalo msimamizi wa ubora hatakiwi kufanya. Kontroli ikikataa hakuna matokeo yanayotoka, hiyo ni sheria ya kazi yetu na haina majadiliano, na nilitakiwa niseme hivyo dakika ileile.

Aliyesema ni Dada Mkubwa. Alisema hatoi saini yake. Halafu akaomba kitu kimoja, "mdogo wangu hebu niwashie nione inavyofanya." Mpaka siku ile hakuwa ameiona ikitengeneza sahani kuu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Akavuta kiti akakaa mbele yake. Roboti ikachota safu ya 1, ikaenda safu ya 2, ikazamisha tipu mpaka chini, ikamwaga, ikavuta na kusukuma mara tatu palepale chini, ikachota, ikaenda safu ya 3. Alitazama safu tatu hivi akasema, "Hii haichanganyi. Hii inatekenya tu."

Tulichokigundua

Kisima kina mikrolita 2000 wakati wa kuchanganya. Roboti inavuta 250, sehemu moja ya nane, chini kabisa, na inarudisha palepale chini. Dawa kali imeingia chini, imekorogwa chini, na kinachochotwa kwenda safu inayofuata kinatoka chini. Kwa iyo kila hatua inabeba zaidi ya nusu ya dawa kwenda mbele. Juu ya hapo tipu imezamishwa mpaka shingoni, imelowa kwa nje, na kile kilichoshika nje nacho kinasafiri.

SOP ilikuwa inasema nini? "Changanya vizuri." Maneno mawili. Dada Mkubwa kwa mkono anatumia pipeti kubwa ya mikrolita 1000, anavuta chini anamwaga juu, mara kumi au zaidi, ncha anaipandisha jinsi maji yanavyopanda ili isilowe, akimaliza anagusisha ncha ukutani kuangusha tone, na tipu anabadilisha kila safu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa. Alimfundisha aliyekuja baada yake kwa kuonyesha, na ndivyo SOP ilivyoweza kuishi na maneno mawili kwa miaka yote hiyo bila kuleta madhara.

Tukataka tuone kwa macho. Tukachukua rangi ya biriani, ile ya unga ya manjano inayouzwa dukani, tukaikoroga kwenye maji, maji matupu kwa sababu mchuzi wenyewe una umanjano wake, tukaiweka safu ya 1 kama vile ni dawa, roboti ikaendelea na programu yake ileile. Kisha tukasoma kwenye mashine ya ELISA, inayopima uzito wa rangi kwenye kila kisima, kwa filta ya 450, safu za mwanzo zilikuwa nzito mno ikabidi tuzipunguze kwa kipimo kinachojulikana ndo zisomeke. Safu ya 10 ilitakiwa ibaki na rangi 1 ya 512. Ilikuwa na kama 1 ya 150. Safu ya 2 ilikuwa imepungukiwa kidogo, ya 3 na ya 4 karibu sawa kabisa na zinavyotakiwa, ya 7 tayari mara mbili, na kuanzia hapo inazidi kwenda juu.

Sasa rudi kwenye hoja ya daktari kwamba kwa bakteria sugu mambo ni sawa. Kwa siprofloksasini ni kweli, mstari wetu ulianza 1, kikomo cha usugu cha E. coli kwa CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya vipimo hivi, ni 1, yaani kiko safu ya kwanza ambako dawa ilikuwa sahihi. Lakini meropenemu mstari ulianza 64. Kikomo chake ni 4 kwa sugu na 1 kwa anayesikia dawa, kwa iyo uamuzi wote unafanyika safu ya 5, 6 na 7. Palepale ambapo dawa imeanza kuzidi. Tukarudi kwenye wale 20 tukaangalia upya, na Klebsiella (aina nyingine ya bakteria) wawili ambao mkono uliwapa 4, sugu, roboti iliwapa 2, wa kati.

Tuliwaona mara ya kwanza tukawapita, kwa sababu kwenye upimaji wa MIC tofauti ya hatua moja inaruhusiwa, kila mtu anajua hivyo. Na kontroli haikutupigia kelele kwa meropenemu. E. coli ATCC 25922 kwa meropenemu ni 0.008 hadi 0.06, mstari wetu uliishia 0.12, kwa iyo sahani ikiwa nzuri itasoma "0.12 au chini" na ikiwa mbovu itasoma hivyohivyo. Kontroli ilikuwepo kwenye sahani, imesainiwa kila siku, na haikuwa na uwezo wa kuona chochote. Hili liliniumiza kuliko yote maana sahani za mkono nazo zilipangwa hivyo miaka yote, roboti imelifichua tu.

Na upande wa kosa ni ule mbaya. Dawa ikizidi kwenye kisima bakteria anaonekana dhaifu kuliko alivyo. Meropenemu ni kati ya dawa za mwisho, daktari wa wodini akiambiwa bado kuna nafasi wakati haipo, mgonjwa anapoteza siku ambazo hana.

Maamuzi baada ya hapo

Hakuna tokeo lililokuwa limetoka nje, hilo tunashukuru. Sahani zote za roboti zikatupwa.

Programu ikaandikwa upya na safari hii Dada Mkubwa na kijana wakakaa meza moja siku tatu, yeye anafanya kwa mkono, kijana anaandika kila kinachotokea, hata vile ambavyo mwenyewe hajui kama anavifanya. Kuchanganya kukawa mara 12, vuta chini mwaga karibu na juu, kina cha tipu kinapanda na kushuka na maji, gusisha ukutani, tipu mpya kila safu. Pia mnyororo tukaukata. Badala ya kutoka safu ya 1 mpaka ya 10 mfululizo ambapo kosa la mwanzo linarithiwa na wote, tunatengeneza kwa mkono dawa mama za makali matatu, ya kwanza inalisha safu ya 1 hadi 4, ya pili 5 hadi 7, ya tatu 8 hadi 10. Wazo hili si letu, mipango ya kupunguza dawa kwa namna hii iko kwenye njia za rejea tangu miaka ya 70, tuliiacha njiani kwa sababu kwa mkono ni ndefu.

Kuhusu tipu, nilikaa nikapiga hesabu ambayo nilitakiwa niipige mwanzo. Tipu mpya kila safu ni tipu 80 kwa sahani kuu. Sahani kuu inatoa sahani 16. Ni tipu 5 kwa sahani, kwa bakteria mmoja na dawa 8. Kwa ajili ya tipu tano nilikuwa tayari kupoteza kila kitu.

Mstari wa meropenemu ukahamishwa uanze 8 uishie 0.016, sasa kontroli inasomeka. Mistari mingine nayo tukaipitia mmojammoja kwa swali hilohilo, kikomo kiko safu gani na kontroli inaona au haioni.

Uamuzi mwingine mkubwa ulikuwa roboti isiguse bakteria hai. Kijana alitaka iendelee mpaka mwisho, na kwa mtazamo wa kwanza inaleta maana, lakini kuna mambo matatu. Roboti haiingii kwenye kabati la usalama, na pipeti inayopuliza tone la mwisho inarusha chembechembe hewani. Pili, bakteria ukishampima ukungu wa McFarland 0.5, kipimo cha wingi wa bakteria kwenye maji, ambao kwa E. coli ni kama milioni 100 hadi 200 kwa mililita, unampunguza mara mia halafu unampanda, na yote hayo yanatakiwa yawe ndani ya dakika 15, kwa sababu anaendelea kugawanyika na wewe unataka laki 5 kwa mililita kwenye kisima. Roboti ikiwa na bakteria 16 tofauti inachelewa. Tatu, kupanda kwa pipeti ya midomo 8 ni miguso 11 kwa sahani, si kazi inayoua mkono wa mtu. Inayoua ni ile ya kutengeneza sahani.

Kolistini nayo tuliitoa kwenye roboti kabisa. Dawa ile hujishikiza kwenye plastiki, na kwa roboti inakaa kwenye beseni la plastiki muda mrefu zaidi kuliko mkononi mwa mtu. Yenyewe tunaitengeneza kwa mkono, mara chache, kwa haraka.

Matokeo

Rangi ya biriani ilirudiwa kwanza, safu zote kumi zikakaa kwenye mstari wa nusu kwa nusu. Kisha kontroli tatu, E. coli ATCC 25922, Pseudomonas ATCC 27853 na Staphylococcus ATCC 29213, siku kadhaa mfululizo, sahani kuu tofauti, zote zikaingia ndani ya mipaka. Wale bakteria 20 wakapimwa upya, na safari hii tukaongeza ambao tunajua wako karibu na kikomo, maana kumpima roboti kwa bakteria sugu kupindukia ni kumpa mtoto mtihani ambao majibu yameandikwa ubaoni. Klebsiella wawili wakarudi kwenye 4.

Leo Jumatatu roboti inatengeneza sahani, zinafungwa na kuingia friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri, zikitolewa hazirudishwi. Wakati roboti inafanya kazi mtu hakai kuitazama ila anakuwepo chumbani. Mrundikano umepungua, haujaisha. Kifundo cha Dada Mkubwa kimetulia, bandeji ameacha, na kazi yake sasa ni kusoma sahani na kufundisha, pia ameshaweza kufungua programu na kubadilisha idadi ya kuchanganya bila kumwita mtu.

Ambavyo havijakaa sawa. Watu wanaoweza kuiendesha roboti wakiwa peke yao ni wawili tu, mmoja akiugua na mwingine akisafiri tunarudi kwenye mkono. Tipu zilikwama bandarini mara moja kwa wiki tano. Friza ni moja, na umeme ukikatika usiku mrefu sahani zote ziko hatarini, dawa jamii ya karbapenemu, kama meropenemu, ni kati ya za kwanza kuharibika. Tunapanda kontroli kwenye kila kundi la sahani linalotoka friza, ila hiyo inakuambia kwamba zimeharibika, haizuii kuharibika.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni mambo mawili, kufanya sambamba kabla ya kutoa matokeo, na mtu mmoja kukataa kusaini. La kwanza lilikuwa kwenye mpango. La pili halikuwepo kwenye mpango wowote, lilitegemea mtu yule awe na miaka mingi kazini na asiogope, na maabara isijenge usalama wake juu ya ujasiri wa mtu mmoja. Sasa hivi programu ya kompyuta ya matokeo imefungwa, kontroli ikikataa hakuna anayeweza kutoa jibu la sahani ile, hata daktari mwenyewe, na yeye ndo aliyeomba ifungwe.

Mizani ilitudanganya kwa namna ambayo naiona kwenye maabara nyingine pia. Tulipima kama mkono wa roboti unatoa kiasi sahihi cha maji, na jibu lilikuwa ndiyo. Kazi yetu si kutoa maji, kazi yetu ni kutengeneza kisima chenye dawa nusu ya kisima kilichotangulia, mara tisa mfululizo. Hicho hatukukipima. Rangi ya shilingi mia tano ilikipima kwa mchana mmoja, ingefanyika wiki ya kwanza kisa hiki kisingekuwepo.

SOP wengi watasema ilikuwa mbovu. Sidhani. Ilikuwa ya binadamu aliyefundishwa na binadamu mwenzake, na kwa huyo "changanya vizuri" inatosha kabisa kwa sababu maana yake ameiona kwa macho. Tulichokosea ni kudhani kwamba karatasi ndo kazi. Kabla hujaiandikia roboti inabidi uende ukamwangalie anayefanya, tena si mara moja, na umuulize kila anaposita kidogo. Dada Mkubwa alipoulizwa kwa nini anagusisha ncha ukutani alifikiri kwanza, akasema alimwona aliyemfundisha anafanya hivyo. Na kumsubiri arudi likizo kungetugharimu wiki moja tu.

Kuhusu bakteria tuliowachagua kwa majaribio, hapo kosa ni langu moja kwa moja. Nilichukua waliokuwa mbele kwenye boksi la friza, na mbele walikuwepo wa wodi moja ambako wote ni sugu. Makubaliano yakaonekana makubwa. Ukitaka kujua kama njia mbili zinakubaliana chagua wale ambao kosa dogo linabadilisha jibu lao, na wawepo pia dhaifu kabisa, wale ambao MIC zao ziko mwisho wa mstari.

Swali ambalo watu huniuliza ni kama tungepaswa kununua kabisa. Ndiyo, na ningenunua tena. Roboti ikishafundishwa vizuri sahani ya kumi na sita ni sawa na ya kwanza, na Ijumaa jioni ni sawa na Jumatatu asubuhi, jambo ambalo sisi hatuwezi hata tukijitahidi vipi. Ila ningepanga bajeti tofauti, kwanza UPS na tipu za miezi sita kabla mashine haijafika, na mshahara wa mwezi mmoja wa watu wawili wasiofanya kingine zaidi ya kukaa nayo.

Hatua tunayofanya sasa ni kuandika SOP upya. Mstari wa kuchanganya peke yake umefika nusu ukurasa, na Dada Mkubwa bado anasema haujakamilika, kuna namna ya kushika sahani wakati wa kugawa ambayo anataka tuipige video.